Nani Atapalilia Mbegu za Wikipedia?

Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili ukabofya "Ukurasa wa bahati" mara chache tu, lazima utaangukia kata. Mahali fulani ni kata ya wilaya fulani katika mkoa fulani, Tanzania. Unafuata msimbo wa posta. Inafuata idadi ya wakazi kwa sensa ya mwaka 2012, "waishio humo". Imetoka hiyo. Chini yake kuna kisanduku chenye orodha ya kata nyingine za wilaya hiyohiyo, na ombi la adabu kabisa: makala hii bado ni mbegu, kama unajua chochote kuhusu historia ya mahali hapa, biashara, taasisi au watu wake, karibu uongeze.

Makala hizi huchekwa sana. Mwalimu mmoja rafiki yangu, mtu wa vitabu hasa, alinigeuzia simu yake siku moja akaniuliza, "Sasa hii nayo, ndugu yangu, mnaiita elimu? Sentensi mbili na namba?" Nikamwambia ajaribu kuiandika hiyo sentensi moja, kisha ahakikishe inabaki kuwa ya kweli miaka kumi mfululizo. Alidhani namtania.

Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa mipya minne: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ukaja Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Mkoa ulipogawanywa, kila ukurasa wa kata za Mbozi, Ileje na Momba ulianza kusema uongo bila mtu yeyote kuugusa. Aliyeziandika hakukosea, nchi ndiyo iliyosogea. Ikabidi mtu aingie ukurasa mmoja baada ya mwingine, afute "Mbeya", aandike "Songwe", abadilishe jamii (kundi la makala) iliyo chini ya ukurasa, arekebishe kisanduku, ahifadhi, aende unaofuata. Upande wa Kenya katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa 2013 ile mikoa minane tuliyoikariri shuleni ikabaki historia. Kila mji, mto na mlima uliokuwa "katika Mkoa wa Bonde la Ufa" ulihitaji mtu wa kuupeleka kaunti yake. Halafu ikaja sensa ya 2022: Watanzania waliokuwa 44,928,923 mwaka 2012 wakawa 61,741,120. Maana yake namba ya kila kata, kuanzia Kigoma hadi Kusini Pemba, ilichakaa kwa mkupuo.

Na wanaosoma kurasa hizo wapo. Mtu anatafuta jina la kwao kwenye simu. Mwanafunzi amepewa kazi ya kuandika kuhusu wilaya yake. Muuguzi au mwalimu mpya amepangiwa kituo mahali ambapo hajawahi hata kupasikia, na kitu cha kwanza anachofanya kabla ya kupiga simu nyumbani ni kuuliza intaneti huko ni wapi. Sentensi mbili zenye ukweli zinamtosha kuanza. Sentensi mbili zenye mkoa wa zamani zinampandisha basi lisilo lake.

Wikipedia ya Kiswahili haina uhaba wa waanzishaji. Ina uhaba wa warudiaji.

Historia ya mradi mzima, ukiisoma vizuri, inaelekea hukohuko. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kitu kilichoitwa Nupedia, kamusi elezo ya bure ya kuandikwa na wataalamu, ambako kila makala ilipita hatua saba za ukaguzi kabla ya kuchapishwa. Ilipofungwa mwaka 2003 ilikuwa na makala zisizofika thelathini. Huku nyuma, tarehe 15 Januari 2001, walikuwa wamefungua uwanja wa pembeni ambao mtu yeyote angeweza kuandika bila kusubiri mtaalamu. Uwanja wa pembeni ukaimeza nyumba kubwa. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa watu wa kawaida dhidi ya maprofesa, na inapendeza kuisimulia hivyo, hasa kama profesa fulani aliwahi kukufelisha. Mimi naiona tofauti kidogo. Nupedia ilikagua kabla ya kuchapisha. Wikipedia inakagua baada ya kuchapisha. Ukaguzi haukufutwa, ulihamishwa mahali. Jarida la Nature lilipolinganisha makala 42 za sayansi mwaka 2005, lilikuta makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia ya Kiingereza, na kama matatu kwa kila makala ya kamusi elezo ya Britannica. Watu wengi walishangaa kwamba pengo ni dogo kiasi hicho. Lakini pengo lile lilipunguzwa na jeshi la watu waliokuja nyuma ya mwandishi: wa kurekebisha tahajia, wa kudai chanzo, wa kubishana kwenye ukurasa wa majadiliano hadi usiku wa manane.

Sasa ondoa jeshi hilo. Unabaki na nini? Huna ukaguzi wa kabla, na wa baada hauna watu.

Wikipedia yetu ilianza mwaka 2003. Miaka ya mwanzo ilikuwa na watu wa kuhesabika. Ndesanjo Macha, aliyekuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kublogu kwa Kiswahili, alikuwa mmoja wa waliopiga mbiu kuwaita wenzao waje kuandika. Kwa kuwa mfumo huu hauzitupi kumbukumbu zake, bado unaweza kubofya "historia" katika ukurasa wa zamani ukaona nani aliandika nini, saa ngapi, na nani alimpinga. Mimi hupenda kusoma majadiliano ya miaka ile kuliko makala zenyewe. Watu walikuwa wakibishana kwa heshima, wakiitana ndugu na mzee hata pale walipokuwa wamekasirika dhahiri.

Humo pia utaona jambo ambalo baadhi yetu hawapendi lisemwe: kati ya waliobeba mzigo mzito zaidi kwa miaka mingi wamo Wazungu waliowahi kuishi Afrika Mashariki. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba hii ni aibu, eti kamusi elezo yetu imeandikwa na wageni. Aibu ipo, lakini si yao. Mtu akikaa Ulaya, mstaafu, akarekebisha majina ya mito ya Tanzania kwa Kiswahili safi wakati sisi wenye mito tumelala, kumshukuru ndiyo adabu. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mitandao hujaa mashairi na picha za vitenge. Tarehe 8 ukifungua ukurasa wa mabadiliko ya karibuni utawakuta walewale.

Ukurasa huo wa mabadiliko ya karibuni ndio jiko la Wikipedia, na msomaji wa kawaida hana habari nao. Kila kitu kilichobadilishwa kinapita pale kwa mpangilio wa muda: aliyeongeza koma, aliyeanzisha makala ya mchezaji wa mpira wa Ureno, aliyefuta aya nzima bila maelezo. Wakabidhi, yaani wale waliopewa zana za kufuta kurasa na kuzuia wakorofi, hupita hapo kila wanapopata nafasi. Mengi wanayokutana nayo ni utoto tu. Kuna anayeandika jina la mpenzi wake katikati ya makala ya jua. Kuna wanafunzi wanaomtukana mwalimu wa hesabu ndani ya ukurasa wa shule yao. Na Simba na Yanga wakikutana, ole wake anayelinda kurasa za klabu hizo. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, lakini kwa saa chache baada ya mechi klabu iliyofungwa inaweza kujikuta imeanzishwa juzi, na uwanja wake wa nyumbani ni dampo. Haya unabofya mara moja yanatenguliwa. Hayana madhara, na mengine, tuseme ukweli, yanachekesha.

Yanayosumbua ni yale yenye sura ya wema. Chukua Zanzibar. Uhuru kutoka kwa Waingereza ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Kwa watu wengi hizo si tarehe tu, ni msimamo wa familia. Yuko ambaye moyoni mwake uhuru ni ule wa Januari, wa Desemba haukuwa uhuru. Yuko ambaye kinyume chake ndiyo imani yake. Wote wawili wanaamini wanasahihisha. Hapo kitufe cha kutengua hakikusaidii chochote. Unahitaji mtu wa kukaa nao, aeleze lililotokea tarehe ipi, aeleze nani anaitazama kwa jicho gani, na aweke tanbihi chini. Kazi hiyo inakula jioni nzima na haikuongezei hata makala moja katika hesabu.

Tanbihi, basi. Hapa ndipo shughuli ilipo, na hapa sitaharakisha.

Kanuni ya Wikipedia ni kwamba huandiki unachokijua. Unaandika kilichokwisha kuandikwa mahali panapoaminika, na unaonyesha ni wapi. Kwa Mjerumani hili ni jambo dogo. Mji wake una kitabu cha historia ya mji, gazeti la mji, pengine na jumba la makumbusho. Sasa jaribu kwa Bi Kidude. Fatuma binti Baraka, malkia wa taarabu na unyago, alifariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013, na hilo liliandikwa na magazeti ya dunia nzima. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX, nalo limeandikwa. Lakini alizaliwa lini? Mwenyewe hakuwa na cheti. Wanaokadiria huweka mwaka 1910 au karibu na hapo, na wapo waliomzidishia miaka. Kile kisanduku cha pembeni mwa makala kina nafasi ya tarehe ya kuzaliwa, na nafasi tupu humwasha kila mgeni anayepita. Atakuja mtu aijaze kwa namba aliyoiona mahali. Wiki mbili baadaye anakuja mwingine na namba nyingine. Jibu sahihi ni "takriban", lakini "takriban" inahitaji mlinzi.

Siti binti Saad tuna bahati naye zaidi, kwa sababu moja tu: Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Mtu mmoja mwenye kalamu alifanya uamuzi miaka mingi iliyopita, na leo mwanafunzi anaweza kuweka tanbihi. Waimbaji wangapi wa wakati wa Siti hawakumpata Shaaban Robert wao? Majina yao yapo kwenye midomo ya wazee wa Ng'ambo ya Unguja na Mombasa, na Wikipedia haina namna ya kunukuu mdomo.

Au inayo? Mwaka 2011 kulikuwa na mradi uliojaribu hilo India na Afrika Kusini: wahariri walienda vijijini, wakarekodi watu wakieleza michezo ya watoto, vyakula na pombe za kienyeji, wakazipandisha sauti hizo mtandaoni, kisha wakazitumia kama vyanzo. Ulizua ubishi mkali na haukuwa kanuni. Naelewa hofu yao. Ukikubali sauti ya mzee wangu, lazima ukubali na ya mzee wa jirani, ambaye anasema shamba ni lao. Hata hivyo naona wanaokataa kabisa wanasahau kitu. Vitabu vingi tunavyovinukuu kuhusu Wachagga, Wanyamwezi au Wadigo viliandikwa na mtu aliyekaa chini ya mwembe akamuuliza mzee, akaandika alichoelewa, akarudi kwao kukichapisha. Mzee aliyeulizwa hakutajwa jina. Tunamnukuu aliyeuliza.

Lakini nisiisukumie lawama yote kanuni. Viko vyanzo vya maandishi ambavyo hatuvigusi. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, nalo Kwetu la Erica Fiah lilianza Dar es Salaam mwaka 1937. Miaka na miaka ya Kiswahili kilichochapishwa: matangazo, barua za wasomaji, habari za ngoma, mashairi ya kujibizana. Nyingi ya karatasi hizo ziko kwenye maktaba, si kwenye simu, na mhariri wa kujitolea anaandikia simuni, tena kwa bando lake mwenyewe. Kwa hiyo ananukuu kile kinachofunguka, na kinachofunguka kwa kawaida ni cha Kiingereza. Ndiyo maana utakuta makala ya Kiswahili kuhusu mji wa Waswahili, na tanbihi zake zote zimetoka London.

Hata kitu kinachoonekana kimekwisha hakijaisha. Kilimanjaro ina mita 5,895, tumeimba shuleni. Vipimo vya setelaiti vya mwaka 1999 vikatoa 5,892. Mlima haukupungua, kipimo ndicho kilichobadilika. Sasa anayekuja kuandika 5,892 anatenguliwa na mzalendo anayedhani kilele kinaibiwa mita tatu. Mhariri mzuri huweka zote mbili na kusema kila moja imetoka wapi. Sentensi kama hiyo ndiyo inayonifanya niipende kazi hii, na sijawahi kuona mtu akipewa zawadi kwa ajili yake.

Zawadi nazo zina habari yake. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliendesha shindano la Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala mpya zikaingia kwa mamia ndani ya miezi michache, na ikafika katikati ya 2010 tukavuka 20,000. Zilikuwemo nzuri, hasa za afya na teknolojia, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Shindano likaisha, zawadi zikagawiwa, na wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Siwalaumu. Mwanafunzi amekuja kushindana, ameshindana, amerudi kwenye mitihani. Ila makala zake zimebaki, na takwimu alizoziandika ni za 2009.

Tangu hapo mashindano hayajakoma, chini ya majina na wafadhili mbalimbali, na mengi hupima kitu kilekile: nani ameanzisha makala nyingi. Ukiwapa watu kipimo hicho watakitimiza kwa njia fupi kuliko zote. Zamani njia fupi ilikuwa sentensi mbili kuhusu mcheza filamu wa Marekani. Leo ni mashine ya kutafsiri. Unachukua makala ya Kiingereza, unaipitisha, inatoka na ngeli zilizovunjika na majina ya watu yaliyotafsiriwa kama vitenzi, unahifadhi, unachukua nyingine. Nimesoma ukurasa wa dawa ambao sikuweza kujua kama mgonjwa anaambiwa ameze au asimeze. Na kwa kuwa maandishi ya Wikipedia ni huru kwa yeyote kuyatumia, mashine zinajifunza Kiswahili humohumo. Zinakula makosa yao wenyewe, kisha kesho zinatuletea kwa kujiamini zaidi.

Wenzetu wameshapita huko. Wikipedia ya Kisebuano, ya Ufilipino, ina mamilioni ya makala, karibu zote zilizoandikwa na roboti, yaani programu ya kompyuta, ya mtu mmoja wa Sweden. Kwa hesabu ni miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Wikipedia ya Kiskoti iligundulika mwaka 2020 kwamba maelfu ya makala zake yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyekijua Kiskoti. Alianza akiwa mtoto, kwa nia njema, na kwa miaka hakukuwa na mtu wa kumwambia. Huyo wa pili ananitisha zaidi. Hakuwa mhuni. Alikuwa mpweke tu ndani ya jengo kubwa.

Katika ukurasa wa Jumuia, ambako wahariri hukutana, swali la kurasa za mashine hurudi kila mara. Wako wanaosema ziachwe, tutazirekebisha polepole, kitu kibovu ni afadhali kuliko kukosa. Mimi niko upande wa wanaofuta. Makala mbovu humzuia anayefuata, kwa sababu akiona ukurasa upo anadhani kazi imefanyika, anapita. Ukifutwa, kiungo kinarudi kuwa chekundu, rangi ya ukurasa usiokuwepo, katika kila makala inayoutaja, na wekundu huo ni mwaliko. Isitoshe, kurekebisha tafsiri ya mashine ni kazi kubwa kuliko kuandika upya. Yeyote aliyewahi kujaribu anajua kwamba kufikia aya ya tatu unatamani kulia.

Wazo langu ni dogo, na si langu peke yangu. Fanyeni shindano la mbegu. Mshiriki asiruhusiwe kuanzisha hata ukurasa mmoja. Achague kata kumi za wilaya yake, aweke sensa ya 2022, aende ofisi ya kata akaone kama kuna andiko lolote lenye historia ya mahali pale, apige picha ya soko, shule na mto, aandike kwa Kiswahili anachokizungumza, na kila sentensi iwe na tanbihi. Waamuzi wasome kweli, wasihesabu. Mwezi mmoja tu, na mkoa mmoja.

Nilimpelekea wazo hili mratibu mmoja wa mashindano, kijana mchapakazi ambaye sina ugomvi naye hata kidogo. Alilipenda. Alikuwa na swali moja tu kuhusu ripoti ya wafadhili, kwa sababu safu ya kwanza ya fomu yao huuliza: makala mpya ngapi?